Kioo cha mlango wa ndani: uliza kwanza kitavunjikaje

Pita Barabara ya Mandela asubuhi baada ya magari kugongana usiku, utaona punje za kioo zimetapakaa kando ya lami kama chumvi ya mawe. Hizo ni za madirisha ya pembeni. Kioo cha mbele cha gari lilelile mara nyingi bado kiko mahali pake, kimejaa nyufa kama utando wa buibui, lakini hakijamwagika. Gari moja, vioo viwili, namna mbili za kuvunjika, na zote mbili zimepangwa makusudi ili aliyemo ndani asikatwekatwe.

Sasa geuka uangalie mlango ulio kati ya sebule na korido nyumbani kwako. Kioo chake hakifanyi hivi wala vile. Nyumba nyingi hapa Dar es Salaam zimewekewa milango ya ndani yenye kioo cha kawaida cha milimita 3 au 4, mara nyingi kile cha maua, kimebanwa kwa fito nyembamba za mbao na misumari midogo. Kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha, na vile vya juu hubaki vimening'inia kwenye ubao. Mkono unaweza kupenya bila jeraha, ukachanwa wakati wa kuutoa.

Kioo cha namna hiyo kikishapata ufa, watu hubandika selotepu au stika, wakaishi nacho miaka. Naelewa kwa nini: mlango bado unafunga, na kuna matumizi mengine yanayodai pesa. Lakini umeme ukikatika saa mbili usiku, mtoto akakimbilia kwa mama yake gizani, kile kioo ndicho kitakachompokea.

Fundi ukimwita atakwambia, "Bosi, weka ya mili sita, hiyo haivunjiki." Inavunjika. Kioo cha kawaida cha milimita 6 kinahimili zaidi, ni kweli, ila siku kikishindwa kinatoa visu vizito kuliko vya milimita 3. Unene peke yake hauwezi kuwa kigezo. Kigezo ni kitavunjikaje.

Soma ufa kabla ya kuuondoa

Ufa una chanzo, na chanzo kisipoondolewa kioo kipya nacho kitakwenda. Lalisha mwanga wa tochi ya simu juu ya kioo, ufuate mstari hadi unakoanzia. Nyufa zinazotawanyika kama nyota kutoka sehemu moja katikati ni pigo: mpira, kiwiko, mguu wa meza wakati wa kuhamisha vyombo. Ufa mmoja unaoanzia ukingoni, palepale ulipo msumari wa ufito, unakwambia msumari uligusa kioo. Ufa unaokata kona kwa mshazari, hasa kwenye mlango ambao pia unakwaruza sakafu, unakwambia mlango umelala au umejipinda, na ubao umekiegemea kioo.

Hapa kwetu pwani kuna sababu nyingine inayosahaulika. Mbao hunywa unyevu. Fundi aliyekata kioo kikaingia kwa kubana mwezi Januari, akajisifu kimekaa fiti, amekiacha bila mwanya wowote wa kupumulia mbao zikivimba masika. Kisha inakuja kusi, madirisha yako wazi kwa ajili ya hewa, mlango unajibamiza mara tatu kwa siku. Kioo kilichobanwa pande zote hakina pa kukimbilia pigo hilo. Kingekuwa kimekaa juu ya kitu laini, kikiwa na nafasi kila upande, kingetikisika tu na kutulia.

Basi kabla ya kwenda kununua chochote, kaza skrubu za bawaba, angalia kama mwanya kati ya mlango na fremu unalingana juu hadi chini, na kama mlango umelala unyanyue kwanza. Kuweka kioo kipya kwenye mlango uliopinda ni kuagiza ufa mwingine.

Tempadi na lamineti

Kioo cha tempadi ni kioo cha kawaida kilichopashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kikapulizwa upepo mkali pande zote mbili kipoe ghafla. Uso hukaza kwanza, kiini hupoa nyuma yake kikijivuta, matokeo yake uso unabaki umebanwa na kiini kimevutwa. Mvutano huo wa ndani ndio unaokipa nguvu ya mara nne au tano ya kioo cha kawaida cha unene uleule, na ndio unaokipasua chote kwa mpigo kikijeruhiwa, kikawa punje ndogo zisizo na ncha ndefu. Punje hizo zinaweza kukwaruza ngozi, lakini hazifiki kwenye mshipa.

Mvutano huohuo unakuletea sharti ambalo halina njia ya mkato: tempadi haikatwi, haitobolewi, haisagwi ukingo baada ya kutoka kwenye tanuri. Kila kitu kinafanywa kabla. Ukikosea milimita 2 kwa ukubwa, hicho kioo kimekwisha, agiza kingine. Na hapo ndipo penye kipimo rahisi kabisa cha kumtambua muuzaji asiye mkweli: kama amekuuzia "tempadi" akaikata kwa almasi mbele ya macho yako, amekuuzia kioo cha kawaida.

Lamineti ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye aliyesajili wazo hilo mwaka 1909, baada ya kuona chupa ya maabara iliyoanguka ikapasuka bila kutawanyika kwa sababu ndani yake kulikuwa kumekauka tabaka la plastiki. Ukisikia 6.38, hiyo ni hesabu: milimita 3, na 3, na utando wa 0.38. Kwa kuwa vioo vyake kwa kawaida ni vilevile vya siku zote, lamineti haina ugumu wa ziada. Mpira utakaopasua kioo cha kawaida unaweza kuipasua na yenyewe. Tofauti ni kwamba itabaki imesimama mlangoni, vipande vimeshikwa na utando, na utakuwa na muda wa kupanga kuibadilisha.

Ulaya huvipima vioo hivi kwa kanuni ya EN 12600. Matairi mawili yaliyofungwa pamoja, jumla yake kilo 50, yanaachwa yabembee yagonge kioo kutoka kimo cha milimita 190, halafu 450, halafu 1,200. Kioo kinafaulu kikiwa hakikuvunjika, au kimevunjika kwa namna isiyodhuru. Kilo hamsini kwa pembea ni mfano wa mwili wa mtu unaojibwaga kwenye mlango, na ndiyo maana kipimo hiki kina maana kuliko kugonga kioo kwa kucha dukani.

Waingereza nao wana kanuni ya maeneo hatari ambayo inafaa kuazimwa hata kama hapa hakuna anayekuja kukukagua: kioo chochote mlangoni, au pembeni mwa mlango ndani ya milimita 300, kiwe cha usalama kuanzia sakafuni hadi kimo cha milimita 1,500, na mahali pengine ukutani, chini ya milimita 800. Kwa vioo vidogo ambavyo upande wake mfupi hauzidi milimita 250 na eneo halizidi nusu mita ya mraba, wanaruhusu kioo cha kawaida mradi kisipungue milimita 6. Milango yetu yenye vipande vidogo vya kioo ina vya milimita 3 au 4, kwa hiyo hata ruhusa hiyo haitufikii. Na mkono wa mtoto wa miaka minne unapita kwenye tundu la milimita 250 bila shida yoyote.

Kipi uchukue? Mlango wenye kioo kimoja kikubwa, chukua tempadi ya milimita 5 au 6. Mlango wa bafuni vilevile, kwa sababu maji yakilala ukingoni mwa lamineti kwa muda mrefu utando huanza kuachana na kioo na kuonyesha ukungu mweupe pembeni. Mlango wenye vioo vingi vidogo, chukua lamineti, na sababu yake ni ya kiwandani: kwenye tanuri kioo husafiri juu ya rola, na kipande kifupi mno hakiwezi kuvuka kutoka rola moja hadi nyingine. Kila kiwanda kina kipimo chake kidogo kabisa, kiulizie kabla hujalipa. Lamineti hukatwa popote penye fundi mzuri wa vioo. Na palipo na watoto wadogo mimi huegemea lamineti hata kwenye kioo kikubwa, maana mlango uliovunjika usiku bado ni mlango hadi asubuhi.

Kuhusu kutambua ulicholetewa: tempadi nzuri huwa na muhuri mdogo uliochomwa kwenye kona, wa kudumu, unaotaja kanuni kama EN 12150 au GB 15763.2 ya China. Ukiitazama mchana kwa miwani ya jua ile inayokata mng'ao, utaona madoa au mistari hafifu ya kivuli, alama ya upepo uliopoza. Lamineti unaitambua kwa kuangalia ukingo: mstari mmoja mwembamba katikati ya unene. Kioo bapa kinachotoka kiwandani Mkuranga au kinachoshushwa bandarini ni kioo cha kawaida hadi pale mtu wa pili atakapokitia tanurini au kukigandisha. Kutaja kiwanda hakuthibitishi usalama.

Kioo chenye waya ndani kinadanganya watu wengi. Waya ule uliwekwa ili moto ukipasua kioo kisidondoke. Mtu akikigonga, kioo huvunjika kama cha kawaida na waya huvishika vipande vikiwa vimesimama kama meno. Usikiweke mlangoni kwa kudhani ni cha usalama. Stika ya ukungu ya dukani nayo ni pambo. Ipo filamu nene ya usalama inayobandikwa kioo chote ukingo hadi ukingo na inasaidia kweli kwenye kioo kizima, lakini juu ya kioo chenye ufa ni kitambaa cha kufungia kidonda kwa siku chache.

Kupima, mahali kazi inapofia

Ng'oa fito za kioo kimoja kwanza, ili upime rebeti yenyewe, yaani kile kidato kilichochongwa kwenye ubao ambamo kioo kinakaa. Ukipima sehemu inayoonekana kwa macho ukaongeza kwa kubahatisha, utakosea.

Pima upana mara tatu, juu, katikati na chini. Pima kimo mara tatu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote kwa kila upande, kisha toa milimita 6, yaani 3 kwa kila ukingo. Rebeti ya 240 kwa 300 inakupa kioo cha 234 kwa 294. Halafu pima mishazari miwili; ikitofautiana zaidi ya milimita 3, tundu lako limekwenda mrama. Hapo usiagize kwa namba tupu. Kata kiolezo kwa plaiwudi nyembamba au boksi gumu, kijaribu ndani ya rebeti hadi kicheze vizuri pande zote, andika juu yake "juu" na "upande wa sebuleni", ukipeleke hicho dukani.

Usidhani vioo vyote kumi vya mlango mmoja vinalingana. Milango hii ilikatwa kwa mkono, na tofauti ya milimita 4 kati ya tundu na tundu ni jambo la kawaida. Viwekee namba kwa penseli, juu kushoto ikiwa 1, na kila namba iwe na vipimo vyake.

Kisha kuna vita ya inchi na milimita. Seremala anafikiri kwa inchi, mwenye vioo anakata kwa milimita au sentimita, na wewe uko katikati na simu. "Tisa na robo" ikitamkwa kwenye simu penye kelele za Kariakoo inaweza kufika "tisa na nusu", na hizo ni milimita 6 za hasara. Andika kwa milimita tu, upana kwanza kimo baadaye, na neno "upana" uliandike. Kama kioo ni cha mistari au cha maua yenye mwelekeo, chora mshale. Kama ni tempadi, agiza kingo zisagwe kabla ya tanuri na sema muhuri ukae kona gani.

Na upime kina cha rebeti, yaani cha kile kidato kutoka usoni mwa mlango kwenda ndani. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote, na kinaharibu kazi iliyopimwa vizuri kwingine kote. Chukua rebeti ya milimita 15. Kioo cha zamani kilikuwa 4, chini yake puti ya 2, ufito ulibaki na 9. Sasa unaweka lamineti ya 6.38 na tepu ya sponji ya milimita 1.5 mbele na nyuma: 15 ukitoa 6.4 ukitoa 3, umebakiwa na 5.6. Ufito wa mninga wa milimita 5.6 ukiupiga msumari unapasuka kwa urefu. Una njia tatu. Randa fito mpya zenye umbo la kupanda juu ya uso wa mlango, mguu wake mwembamba ukiingia kwenye rebeti na kichwa chake kikilala nje. Zinapendeza na zina nyama ya kutosha kushika msumari. Au, kama vipimo vinaruhusiwa na tanuri, chukua tempadi ya milimita 4, ufito unabaki na 8. Au mpe seremala aongeze kina cha rebeti kwa mashine, kazi ambayo kwenye mlango uliokwisha ungwa ni ngumu pembeni na inataka patasi kali. Ya kwanza ndiyo ninayoipenda. Mafundi wa Keko wanaokerezea fanicha wanaweza kukutolea fito za namna hiyo, ukiwapelekea kipande cha mlango au mchoro wenye milimita.

Uzito haupaswi kukutia hofu, ila ujue hesabu. Kioo ni kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Mlango wenye vioo kumi vya 234 kwa 294 una kama mita za mraba 0.69: kwa milimita 4 ni karibu kilo 7, kwa lamineti ya 6.38 ni kama kilo 10 na nusu. Bawaba tatu za inchi 4 zilizokazwa vizuri hazitahisi. Bawaba mbili zenye skrubu zilizolegea zitahisi.

Kutoa cha zamani

Viatu vilivyofunika mguu, si ndala. Glavu ngumu, miwani ya kazi, mikono mirefu. Watoto wawe kwa jirani. Tandika turubai au shuka la zamani pande zote mbili za mlango, maana vipande huruka hata upande usioutazamia. Kama vioo ni vingi au ni kimoja kikubwa, toa mlango kwenye bawaba uulaze juu ya meza mbili. Kama ni viwili vitatu, uache umesimama na ukazwe kwa kabari chini.

Bandika tepu pana juu ya kioo chenye ufa, mbele na nyuma, mistari ya kukingama na ya kusimama hadi kioo kisionekane. Kisha pitisha wembe kwenye mstari ambapo rangi au vanishi imeunganisha ufito na mlango. Usipofanya hivyo rangi itang'oka na maganda ya mbao.

Anza na ufito mrefu, katikati yake. Ingiza kisu kipana cha puti kati ya ufito na ubao, ukiegemea kwenye ubao, kamwe usiegemee kioo, ukinyanyue taratibu. Ufito ni mwembamba, utapinda katikati kama upinde na ncha zake zitachomoka zenyewe kwenye kona zilizokatwa mshazari. Ukianzia konani utavunja ncha, na ncha ndizo zinazoonekana. Andika nyuma ya kila ufito namba ya tundu na upande. Misumari iliyobaki ndani ya ufito ivute kwa koleo kutokea nyuma. Ukiigonga irudi ilikotoka, uso wa ufito utabanduka.

Kioo kikitoka, kivute kikiwa kizima ndani ya tepu yake. Vipande vilivyogandia kwenye puti kuukuu uvitoe kwa koleo, kutoka juu kwenda chini, ili kisikuangukie kilichoning'inia juu ya mkono. Puti iliyokauka ikwangue kwa patasi ya zamani hadi mbao zionekane. Sugua kwa msasa uliolowa maji na uvae barakoa: rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani, na vumbi la mninga lenyewe linawasha koo na ngozi za baadhi ya watu. Paka mbao zilizo wazi vanishi au rangi ya kwanza na uziache zikauke. Mbao zisizopakwa hunywa unyevu kutoka kila upande, na silikoni haishiki penye vumbi.

Kuweka kipya

Jaribu kioo kikavu kwanza. Kiingie bila kusukumwa na kicheze. Tempadi usiisimamishe kwenye sakafu ya tailizi hata kwa sekunde moja. Uso wake ni mgumu lakini kona zake ndizo udhaifu wake, na kona ikigonga tailizi kioo chote kinamwagika mikononi mwako. Iweke juu ya boksi au ubao, imesimama, si imelala. Kwa sababu hiyohiyo usiisafirishe kwa bodaboda. Kirikuu yenye godoro kuukuu nyuma, kioo kimesimama na kimefungwa kisiteleze, ndiyo njia.

Bandika tepu ya sponji kwenye ukuta wa ndani wa rebeti, chini kidogo ya usawa wa sehemu inayoonekana ili isichungulie. Weka vibao viwili vya plastiki au mpira mgumu vya milimita 3 chini, kila kimoja robo ya upana kutoka konani. Kioo kinakaa juu ya vibao hivi, hakikai juu ya mbao. Sukuma kioo kwenye tepu kwa viganja, sogeza hadi mwanya ulingane kushoto na kulia.

Badala ya tepu unaweza kutumia silikoni, na hapa pana kosa ambalo halionekani siku ya kazi. Silikoni ya bei ndogo yenye harufu ya siki hushambulia utando wa lamineti kutokea ukingoni. Puti ya mafuta ya kitani nayo hivyohivyo. Baada ya miezi utaona mapovu na weupe ukitambaa kutoka pembeni, na hakuna dawa. Kwa lamineti tumia silikoni nyutro, isiyonukia siki. Harufu yenyewe ndiyo kipimo chako: ukikamua tone kidoleni likakukumbusha kachumbari, lirudishe dukani.

Fito zinarudi kwa mpangilio: fupi za juu na chini kwanza, ndefu mwisho, ukizipinda kidogo katikati ziingie. Kila moja iwe na tepu yake upande wa kioo. Mbao zetu, mninga, mkongo, mtiki, ni ngumu, kwa hiyo toboa kwanza kwa drili ya milimita 1. Msumari wa milimita 25 uingie ukiwa umeinama kidogo kukimbia kioo. Weka wa kwanza milimita 50 kutoka konani, na kati ya msumari na msumari pasizidi milimita 200. Laza kipande cha boksi gumu juu ya kioo na uitelezeshe nyundo juu yake badala ya kuipiga kwa kuinua mkono. Msumari ukigoma, utoe. Ukiulazimisha ukapinda ukagusa ukingo wa tempadi, kioo kinaweza kupasuka palepale, au kikangoja wiki sita kikapasuka usiku nyumba nzima imelala, na mtu atasema tempadi hupasuka yenyewe. Mara chache sana hupasuka yenyewe kwa sababu ya uchafu mdogo wa nikeli sulfaidi uliobaki ndani ya kioo. Ila kabla ya kuulaumu uchafu huo, tafuta msumari.

Asiyetaka nyundo kabisa atumie skrubu ndogo za shaba. Zinachukua muda zaidi, lakini siku ya kubadilisha kioo tena hutavunja ufito hata mmoja.

Kwa mlango wa vioo kumi vya ukubwa niliotaja, mzunguko wa rebeti zote ni kama mita 10.8. Nunua tepu ya sponji mita 25 kwa pande zote mbili, fito mita 13 ukihesabu za kuharibika kwenye kona, misumari 100 ijapokuwa 80 inatosha, vibao 20. Ukitumia silikoni, mstari wa milimita 3 kwa 3 unakula mililita 9 kwa mita, kwa hiyo bomba moja la mililita 300 linatosha mbele na nyuma na linabaki.

Silikoni inakauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo hali ya hewa ya Dar inakusaidia. Hata hivyo usifunge mlango kwa saa 24. Ukaze kwa kabari, na madirisha ya upande wa upepo yafungwe. Ikikauka, funga mlango kwa nguvu ya kawaida huku umegusa kioo kwa ncha za vidole. Kikitoa mlio wa kugongana na mbao, kuna ufito haujabana au kibao kimekimbia, na ni afadhali uufungue leo. Mwisho weka kizuizi cha mpira sakafuni na utepe wa mpira kwenye fremu, ili kusi ikija mlango usijibamize.

Vipande vya zamani vibaki ndani ya tepu yake, uvifunge kwa maboksi mara mbili, uvitie kwenye kiroba peke yake bila kuchanganya na taka za jikoni, na uandike VIOO kwa kalamu kubwa pande zote mbili. Anayepita na mkokoteni wa taka hukandamiza viroba kwa mguu na kuvinyanyua kwa kuvikumbatia, na mara nyingi hana glavu. Akifika, mwelekeze kwa mdomo pia kiroba ni kipi.